Chumba cha Jumatano

Wifi yangu ana ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni usafi. Nasema wifi, mke wa kaka yangu, si ile ya kwenye simu, ingawa simu nayo imo humu ndani tangu mwanzo mpaka mwisho. Kabla hajajifungua alikuwa mtandika vitanda kwenye hoteli moja kubwa. Akinyoosha shuka, limenyooka, huoni mkunjo hata ukiutafuta kwa tochi. Ndiyo maana tunamwita Nyoosha. Huko kazini walifundishwa jambo moja ambalo lilimwingia kwenye damu: mgeni akifungua mlango asione ndoo, asione ufagio, asione dalili yoyote kwamba kuna mtu alihangaika humo. Aone chumba tu.

Mimi ni fundi cherehani. Tunakaa nyumba moja, mashine yangu iko sebuleni, chumba chao kinatazamana na mgongo wangu. Kaka yangu ni dereva wa lori, tunamwona kwa kubahatisha. Kwa hiyo wa kumwangalia Bosi ni sisi wawili, na nisijitie makuu, kazi kubwa ni ya Nyoosha. Mimi naingia pale mama mtu anapooga au anapopitiwa na usingizi.

Bosi ni binti yao. Jina analo, lakini mtu anayelala kitandani, akapiga makofi mara moja tu na watu wazima wawili wakaja mbio, huyo utamwitaje tena? Alizaliwa njia yake ya hewa ikiwa nyembamba mno. Anapumua kwa mrija mdogo uliopitishwa shingoni, na chakula chake kinapita kwenye mrija mwingine wa tumboni. Sauti hana. Ana makofi, ana macho, na ana hasira za ukoo wetu, hizo kapewa bila kupunjwa. Makohozi yakijaa kwenye mrija wa shingoni lazima yafyonzwe kwa mashine, la sivyo hewa inakata. Na mashine yenyewe si yetu, ni mali ya hospitali, tumeazimwa.

Miaka yake ya kwanza yote aliimalizia wadini, na Nyoosha aliimalizia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mwanawe. Hospitali ilipoanzisha mpango wa kuwafuata watoto wa namna hii majumbani kwa simu ya video, Bosi akawa miongoni mwa wa kwanza. Tulifundishwa kufyonza, kusafisha, hata kubadilisha mrija. Tukapewa mashine, kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, na mkoba mwekundu wa dharura wenye mrija wa akiba. Tukaambiwa mkoba huo usitoke kando ya kitanda. Na kila Jumatano asubuhi nesi wa mpango, sisi tunamwita Sista, angepiga video amtazame mtoto, aulize, aelekeze, na kukiwa na jambo zito amwite daktari naye aone.

Nilidhani simu ile itatupunguzia mzigo. Thubutu! Jumatano ikageuka siku ya ukaguzi. Nyoosha anapiga deki mpaka chini ya kitanda. Anatandika shuka la maua. Anamwogesha Bosi, anamvika gauni nililomshonea mwenyewe, lile la kola ya lesi. Halafu anafyonza makohozi, anafyonza tena, mpaka kifua kinakuwa kimya kabisa. Hapo mashine anaichomoa kwenye umeme na kuisukuma nyuma ya pazia, kwa sababu inanguruma na waya wake ni mbaya. Chupa ya makohozi inaoshwa inang'aa. Mkoba mwekundu unaingia kabatini, kwa sababu, anasema yeye, unatisha. Anajipaka poda chini ya macho pale kukosa usingizi kulipochora. Ndipo anaegemeza simu kwenye kopo la maziwa, anakaa mikono mapajani, anangoja iite.

Ukikiona kile chumba kwenye simu, utadhani mtoto amejinyoosha kidogo tu kabla ya kupelekwa harusini.

"Wifi," nilimwambia siku moja, "huyu anayepiga ni nesi au ni mkwe?"

"Wewe cheka tu. Wakiona nashindwa watamrudisha kule."

"Nani kakwambia?"

"Hujakaa kule, wifi. Hujakaa. Niache."

Nikarudi kwenye cherehani nimenuna. 

Basi Sista anapiga, anauliza, "Mama Bosi, wiki imekwendaje?" Na Nyoosha anajibu kwa ile sauti ya hotelini, laini, "Tunashukuru, Sista. Anaendelea vizuri. Analala, na mimi nalala." Nalala! Mtu ambaye alikuwa anasinzia amesimama, kijiko mkononi! Nilikuwa nasikiliza na pini mdomoni, nusura nizimeze. Ukweli ni kwamba makohozi yalikuwa yanazidi kuwa mazito, na mashine ilikuwa ikinguruma mchana na usiku. Haya yote Sista hakuyaona. Yeye aliona kola ya lesi.

Jumatano moja alipiga akiwa na daktari pembeni, wote wanatabasamu. Nikajua kuna jambo.

"Mama Bosi," daktari akasema, "tumekuwa tukimfuatilia. Kifua kikavu, oksijeni nzuri, unasema humfyonzi sana. Hongera. Sasa tuna mtoto hapa wadini, mwenzake Bosi kabisa. Kinachomzuia kwenda nyumbani ni mashine tu, na tulizo nazo zote ziko nje. Tunafikiri ya kwenu ihamie kwake. Nyinyi mbaki na pampu ya mkono. Jumatano ijayo tumwangalie Bosi tena, na kama yuko hivi hivi, gari lipite kuichukua. Unaonaje?"

Nikasimamisha cherehani. Nikangoja. Mtu mwenye akili zake angesema nini hapo?

"Sawa, daktari," Nyoosha akasema. "Asante sana."

Simu ilipokatika tu nikaingia chumbani. "Umeitoa mashine?"

"Nitatumia pampu."

"Pampu! Ubonyeze mchana kutwa na usiku kucha? Ukilala je?"

"Silali."

"Hilo najua! Mbona kwao unasema unalala? Piga simu sasa hivi, sema ukweli."

"Niseme nini? Kwamba nilikuwa nawadanganya? Watasema mama mwenyewe mwongo, mtoto hayuko salama, amlete huku. Unataka hivyo?"

"Basi nitapiga mimi."

Akanigeukia. Mimi ni mkali, mtaa mzima unanijua, lakini uso ule sikuwahi kuuona. "Ukipiga," akasema taratibu, "mimi na wewe basi." Na alimaanisha. Nikampigia kaka yangu nikamweleza yote, naye akanijibu kwa kelele za injini, "Malizaneni wenyewe, mimi niko kwenye mteremko!" Mwanamume huyo kila akipigiwa yuko kwenye mteremko.

Wiki ile tuliishi kama watu waliogombana. Namsalimu, ananiitikia kwa kichwa. Lakini nilikuwa nasikia. Nasikia mashine inawashwa, inazimwa, inawashwa. Nilikuwa nashona huku nawaza gari litakavyosimama mlangoni, mtu ashuke, abebe kile kitu kinachompa mtoto wa kaka yangu pumzi, aondoke nacho, na mama mtoto amshukuru. Niliogopa. Sioni haya kusema, niliogopa mpaka nikakata kitambaa cha mteja kinyume. Nikaamua moyoni: Jumatano nitasema mbele ya Sista, potelea mbali, kama ni kununiana tutanuniana hata uzeeni.

Jumatano ikafika. Deki, shuka la maua, gauni. Bosi hakutaka gauni, alikuwa anakataa kwa kichwa na kusukuma mikono ya mama yake. Nyoosha akafyonza. Makohozi yakatoka kidogo tu, mazito, ya kunata. Akafyonza tena, hakuna kitu. Akafurahi, akadhani kifua kimekauka. Akachomoa mashine, akaisukuma nyuma ya pazia, akapaka poda. Mimi nimesimama mlangoni, futi ya kupimia iko shingoni, maneno yangu nimeyapanga tayari. Simu ikaita.

"Habari za asubuhi, mama Bosi! He, leo kapendeza! Nani kashona?"

"Shangazi yake," Nyoosha akasema.

"Hongera shangazi. Haya, mama, hebu fungua gauni nikione kifua."

Bosi akapiga makofi. Mara moja, kama kawaida yake. Halafu akapiga tena, tena, haraka haraka. Nikamtazama. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani kila akivuta pumzi, na kwenye mrija hakukuwa na ule mlio wa hewa tuliouzoea. Macho yake yalikuwa yameganda kwa mama yake. Nyoosha naye aliona, najua aliona, kwa sababu uso wake ulibadilika.

Na mkono wake haukwenda kwa mtoto. Ulikwenda kwenye simu. Akailaza kifudifudi kitandani na kusema kwa sauti ile ile laini, "Samahani Sista, mtandao huu..."

Sikumbuki nilivukaje kile chumba. Najikuta nimeishika simu nimeiinua juu, napiga kelele, "Sista! Mtoto anakabwa! Hapati hewa!"

Kidude cha kidoleni kikaanza kulia. Sista hakupiga kelele. Sauti yake ilishuka, ikawa fupi. "Shangazi, egemeza simu nione shingo. Mama, fyonza."

"Mashine..." Nyoosha akasema.

"Mashine iko wapi?"

Nikapasua lile pazia, nikaivuta, nikabonyeza swichi. Kimya. Ilikuwa imechomolewa kwenye umeme, na betri yake ilishachoka, haishiki chaji tena. Nikatafuta soketi, nikachomeka, ikanguruma. Nyoosha akaingiza mpira wa kufyonzea kwenye mrija. Ukagoma.

"Hauingii. Sista, hauingii!"

"Usilazimishe. Mrija umeziba. Tunaubadilisha sasa hivi, mimi na wewe. Mkoba mwekundu."

Nyoosha akageuza macho kabatini.

"Mama Bosi, mkoba uko wapi?"

"Kabatini," Nyoosha akasema, na sauti ya hotelini ikawa imekwisha.

Nikafungua kabati. Mashuka! Mashuka yaliyokunjwa sawasawa, ukingo kwa ukingo, yamejaa mpaka juu. Nikayavuta yote yakaporomoka chini, nikawa natupa huku na huku, natukana, sijui namtukana nani. Mkoba ulikuwa nyuma kabisa. Nilipogeuka, midomo ya Bosi ilikuwa imeiva rangi ya zambarau na makofi yalikuwa yamekoma.

"Shangazi, kunja taulo, weka chini ya mabega, kichwa kirudi nyuma. Kishike. Vizuri. Mama, fungua kamba. Toa mrija."

"Sista, siwezi, mikono..."

"Ulifanya hivi mbele yangu wadini. Usinitazame mimi. Tazama shingo. Toa."

Akautoa. Pale shingoni palibaki kitundu kidogo, na mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto yule nasema jina lake, jina lake la kweli, ambalo sikuwa nimelitamka tangu siku alipopewa.

"Mrija mpya. Elekeza nyuma, kisha chini. Taratibu. Umeingia? Chomoa kijiti cha katikati. Shikilia, usiuachie."

Umeingia. Na hakuna kilichotokea. Nyoosha ameshikilia mrija kwa vidole viwili, mimi nimeshika kichwa, na kidude kinalia. Nilisema moyoni, basi, ameondoka. Halafu Bosi akakohoa. Akakohoa kwa nguvu, bonge likaruka likatua kwenye shuka la maua, na hewa ikapiga mluzi ndani ya mrija. Akavuta nyingine. Rangi ikaanza kurudi, kwanza masikioni. Kidude kikanyamaza chenyewe. Bosi akatutazama kwa zamu, akakunja uso, akapiga makofi kwa hasira kweli kweli.

Nilikaa chini juu ya mashuka nikalia bila aibu.

Sista alimwelekeza Nyoosha kufunga kamba, akamwambia afyonze mara moja, akasoma namba za oksijeni. Kisha akauliza, polepole, "Mama Bosi, kwa nini mashine ilikuwa nyuma ya pazia?"

Nilifungua mdomo. Nyoosha akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Niliificha," akasema. "Naificha kila Jumatano. Mkoba pia. Namfyonza kabla hujapiga ili umwone ametulia. Sista, mtoto huyu anafyonzwa mchana kutwa, anafyonzwa usiku kucha. Makohozi yamekuwa mazito, sikukwambia. Silali. Niliogopa mkiniona nimeshindwa mtamrudisha wadini. Mrudisheni, nitakuja naye, nitakaa kwenye kiti. Lakini msiichukue mashine. Mkiichukua atakufa."

Sista akavua miwani akajifuta uso kwa mkono wa sare. "Mimi nilikuwa nakiona kile chumba nafurahi," akasema. "Sikuuliza." Akavaa tena miwani. "Sikiliza. Mashine haitoki. Mtu wetu anakuja leo kumsikiliza kifua, makohozi mazito namna hiyo yana sababu na yana dawa. Tukiona inafaa alale wadini siku chache, atalala, kisha atarudi kwake. Hakuna anayekunyang'anya mtoto. Na kuanzia leo nitapiga siku nitakayo, saa nitakayo, bila taarifa, na nikikuta ndoo katikati ya chumba nitashukuru."

Nyoosha akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka yakichora njia kwenye poda. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Na mama wa yule mtoto mwingine?"

"Nilimwambia jana kwamba leo anaenda nyumbani," Sista akasema. "Nitamwambia kuna kitu kimekwama."

"Hakuna kilichokwama. Ni mimi. Niunganishe naye nimwambie."

"Si lazima, mama. Hiyo ni kazi yangu."

"Sista, nimesema uongo mwingi kwenye simu hii. Naomba."

"Ngoja kwanza nimuulize kama anataka."

Simu ikaanza kutembea. Tuliona taa za dari zikipita moja baada ya nyingine, tukasikia magurudumu ya toroli na mtoto analia mahali. Nyoosha aliutambua ule ukumbi, niliona kidevu kinamcheza. Mimi nikainama niokote mashuka, maana chumba kilikuwa kimevurugika vibaya: taulo sakafuni, pazia linaning'inia, mrija wa zamani kwenye beseni. "Acha," akaniambia. Nikaacha.

Akatokea mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, kitambaa kichwani, nyuma yake vyuma vya kitanda cha mtoto. Amevaa vizuri, nguo ya kutokea. Hereni ameshaziweka.

"Ndiye wewe mwenye mashine?" akauliza.

"Ndiye mimi," Nyoosha akasema. "Mdogo wangu, niliwaambia mtoto wangu ana nafuu. Haikuwa kweli. Sasa hivi hapa nusura anifie mikononi. Siwezi kuitoa mashine. Wewe uliahidiwa kwa sababu yangu, na umekosa kwa sababu yangu. Nisamehe."

Yule mwanamke alitazama pembeni, akarudisha macho.

"Mimi nimeshafunga mizigo," akasema. "Nimewapigia nyumbani. Wamefagia chumba, wananingoja."

Ningependa kusema alitukana, ingekuwa nafuu, ningejua la kumjibu. Hakutukana.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Mtoto."

Nyoosha akaigeuza simu. Bosi alikuwa amelala kwenye shuka lililochafuka, kola ya lesi imechanika, kamba mpya ya shingoni imekaa upande, mashine inanguruma kando ya sikio lake naye kaizoea, amesinzia kifua kikipanda na kushuka. Yule mwanamke alimtazama muda mrefu. Mkono mdogo wa mwanawe ukatokea kwa chini ukamshika hereni, akautoa taratibu bila kuangalia, akaendelea kutazama.

"Haya," akasema mwishowe. "Nimemwona."

Akailaza simu kitandani bila kuikata. Hatukuona tena ila dari, lakini tulisikia zipu ya begi ikifunguliwa.